Fundi wa Ala na Kamera za Mti

Ukimwita mshonaviatu, hakuitika. Aliendelea kuvuta uzi wake kana kwamba kilichopita uchochoroni ni mbuzi. Ukimwita fundi wa mikoba aliinua kichwa, lakini alikurekebisha kwanza kabla hajakusalimu.

"Mkoba ni wa kutilia vitunguu. Jambia lina ala, kisu kina ala, na kamera nayo ina ala yake. Haya, sema unachotaka."

Watu wa Malindi walimzoea wakamwita Fundi tu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa moja: kutengeneza na kutunza ala za ngozi za kamera, zile za kahawia zenye mfuniko unaoanguka mbele na kifungo cha chuma kinacholia "tak" ukikibana. Kwa miaka ile ya themanini haikuwa kazi ya ajabu kama inavyosikika leo. Wapiga picha wa ufukweni walikuwa nazo, wapiga picha wa harusi walikuwa nazo, na Wataliano wazee walishuka hotelini na kamera walizorithi kwa baba zao, ala zimechanika kwenye pembe na mikanda imeliwa na jasho. Wote waliishia kwenye chumba kile nyuma ya soko, chembamba kiasi kwamba mteja mmoja akiingia, wa pili hubaki nje akizungumza kupitia mlangoni.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuja pwani kutoka bara akiwa kijana, akapanga nyumba mtaa wa Muyeye, na akawa mpiga picha wa harusi, ubatizo na vitambulisho. Mimi nilikuwa nikisoma kemia chuo kikuu, na miaka ile chuo kilifungwa kila wanafunzi walipogombana na serikali, yaani mara kwa mara. Nilirudishwa nyumbani na sanduku langu na hasira zangu, bila kazi ya maana isipokuwa kubishana. Mama alinichoka upesi. Padri alinichoka. Fundi peke yake hakuchoka, kwa sababu na yeye alipenda kubishana kuliko chakula.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Profesa. Leo umekuja kukataa nini?"

Mtu aliyeingia mle kwa mara ya kwanza hakutazama ngozi wala sindano. Alitazama rafu. Juu ya rafu zilipangwa kamera za mti, kubwa na ndogo, nene na nyembamba, kila moja na pua yake ya duara mbele mahali pa lenzi. Alizichonga mwenyewe kwa mti wa mfenesi. Hizo zilikuwa kalibu zake. Wateja wengi hawakupenda kumwachia kamera, walimwachia ala tupu, na ngozi ikilowanishwa kwa ajili ya kushonwa hulegea, husahau umbo lake. Kwa hiyo alichagua kamera ya mti inayolingana na ile ya mteja, akaitia ndani, akakaza ngozi juu yake, akaiacha ikauke taratibu. Mtalii mmoja alitaka kuinunua moja ya hizo kamera akaiweke sebuleni kwao. Fundi alimtazama kwa huruma.

"Mwambie," akaniambia mimi, maana nilikuwa nikimtafsiria, "kwani daktari huuza sindano yake?"

Hakuridhika na umbo tu. Alisema ala ni lazima izoee na uzito, la sivyo mkanda utakaa vibaya begani. Kwa hiyo alizitoboa zile kamera za mti kwa chini, akajaza chubwi, zile risasi ambazo wavuvi hufunga kwenye mishipi, akapima kwa mkono, akaongeza, akapunguza, mpaka ya mti na ya kweli zikawa ndugu mapacha. Nikamwambia kwamba hilo ni jambo la kupita kiasi, kwamba hakuna mteja hata mmoja angetambua tofauti.

"Mimi ningetambua," akasema.

Nikamwambia hicho ni kiburi, si ufundi. Akakubali mara moja. Kiburi hakukikataa kamwe.

Alikuwa na sheria za utunzaji alizozihubiri kwa kila aliyeingia, akizitaka au asizitake. Ala isifungiwe kabatini wakati wa masika. Itolewe nje mara kwa mara ipate upepo, lakini kivulini, kwani jua la Malindi hukausha ngozi mpaka ikapasuka kama midomo ya mgonjwa. Ipanguswe kwa kitambaa kilichonusa maji tu. Halafu ipakwe kidogo mafuta ya ufuta yaliyochanganywa na nta ya nyuki, kwa kidole, si kwa kitambaa, ili ngozi ijue imeguswa na mtu. Na mafuta ya nazi yasikaribie kabisa.

"Ngozi ni ngozi. Wewe ukifungiwa kabatini mwezi mzima utatoka unanukia asumini?"

Mimi sikuwa mtu wa kupokea sheria bila kuuliza. Nilikata vipande vya ngozi kutoka kwenye takataka zake, kimoja nikakipaka mafuta ya nazi, kingine dawa yake, na cha tatu nikawa ninakipangusa tu bila kukipaka chochote. Nikavihifadhi kwenye makopo masika nzima. Cha mafuta ya nazi kilitoka cheusi, kimeota kuvu, kinanuka. Viwili vilivyobaki vilikuwa salama, na havikuwa na tofauti yoyote. Nikampelekea.

"Unaona? Dawa yako haifanyi kazi yoyote. Kupangusa tu kunatosha."

Akakishika kile cha tatu, akakinusa, akakikunja. "Na kupangusa nani alikufundisha?"

Kuhusu kunusa, alidai kwamba akinusa ngozi anajua mnyama alizaliwa wapi. Siku moja nikamfunga macho kwa kilemba chake mwenyewe, wateja wakishuhudia, nikampa ala ya Mtaliano iliyotengenezwa kwao kabisa, yenye muhuri ndani. Alinusa kwa muda mrefu, kwa heshima.

"Mbuzi wa Garissa," akatangaza.

Tulimfungua macho, nikamwonyesha muhuri. Wateja wakapiga makofi. Yeye aliusoma ule muhuri bila wasiwasi.

"Basi mbuzi wao alizaliwa Garissa akasafiri. Kwani nyinyi nyote hapa mlizaliwa Malindi?"

Hapo ndipo ninapofikia jambo lenyewe. Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akisema kwamba amekosea. Si kwamba hakukosea. Alikosea kama fundi mwingine yeyote. Lakini alikuwa na msamiati mzima wa kuzungukia neno hilo. Mshono ukienda kombo, "uzi umekataa." Akitoboa mahali pasipo, msharasi ule wa kutobolea ngozi ndio "uliopotea njia." Akipaka rangi isiyolingana, ngozi ilikuwa "na yake moyoni." Mkewe, mama mcheshi aliyekuwa akimletea kahawa na kashata alasiri, aliniambia kwamba siku ya harusi yao alichelewa mpaka watu wakaanza kutawanyika, na mpaka leo anasisitiza kwamba ni harusi iliyowahi.

Alikuwa na mambo mengine yaliyopingana. Alihubiri subira lakini hakuweza kuingoja gundi ikauke. Aliipulizia kwa mdomo, mashavu yamemjaa, na huku akimwambia mteja kuwa haraka ni ugonjwa. Alisema hapendi picha, kwamba kazi yake ni nyumba ya kamera na si kamera, lakini hakuna picha aliyoonyeshwa asiitolee hukumu. Na alikuwa msimuliaji ambaye hakatizi. Akishaanza kisa hakukiacha njiani, hata kama nyumba ingeshika moto. Mikono yake iliendelea kufanya kazi, kuchukua, kutoa na kufunga, na kisa kikaenda mbele, na kilichokuwa mikononi na kilichokuwa mdomoni havikuwa vikijuana.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza, na likamponza na baba yangu.

Baba alimpelekea ala yake iliyokuwa imeachia mshono kuzunguka pua. Kwa kuwa walikuwa wanaaminiana, aliiacha pamoja na kamera. Fundi akaitoa kamera, akaizungushia kitambaa cha pamba, akaihifadhi kwenye mtoto wa meza. Ndani ya ala akatia pacha wake wa mti, ngozi ikaukie umbo. Jumamosi asubuhi baba alikuwa na harusi kanisani Kakuyuni. Tulipita kwa Fundi kwenye pikapu ya bwana harusi, mimi nyuma nimekumbatia taa ya kamera. Fundi alikuwa katikati ya kisa, akimsimulia muuza nyama jinsi walivyogombana na imamu juu ya mwezi mwandamo. Baba akasema, "Fundi, ala yangu." Fundi akanyoosha mkono kwenye rafu bila kugeuka, akampa, "...ndipo nikamwambia, imamu, mimi macho yangu si ya kuazima..." Baba akaivaa shingoni. Uzito ulikuwa sawasawa. Tukaondoka.

Baba alikuwa na mtindo wake wa kufungua ala. Hakuifungua mpaka watu wote wawe wamejipanga, maharusi katikati, shangazi na wajomba pembeni. Kisha alibana kile kifungo, tak, na mfuniko ukaanguka, na watu wakanyamaza kama wanafunzi wakiona mwalimu ameingia. Siku hiyo walinyamaza hivyo hivyo. Nilikuwa kando yake nimeinua taa. Niliuona mkono wake ukisimama hewani. Nikatazama ndani ya ala na mimi, nikaona nyuzi za mti wa mfenesi zikinitazama, njano, safi, zimepigwa msasa.

Mtu mwingine angepiga kelele. Baba yangu aliipandisha ile kamera ya mti mpaka jichoni.

"Sogeeni kidogo. Bibi harusi, inua uso. Bwana, acha kukunja ngumi, hapa si vitani. Haya, tabasamu!" Na akalia kwa ulimi: "Tak."

Kisha, bila kugeuza kichwa, akaninong'oneza, "Chukua pikapu. Nenda kwa Fundi. Ruka."

Njia ya Kakuyuni mpaka mjini ilikuwa ya vumbi na mashimo, na dereva alikuwa na furaha kupita kiasi kwamba amepata sababu ya kukimbia. Nilipofika uchochoroni nilimkuta Fundi pale pale, na muuza nyama pale pale, na kisa bado kinaendelea.

"Fundi! Umempa baba kamera ya mti!"

Akainua kidole. "Ngoja nimalize."

Nilifungua mtoto wa meza mwenyewe, nikachukua kamera, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia kisa kikisimama. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Niliporudi kanisani, baba alikuwa ameshawapiga picha ukoo wote wa bibi harusi kwa ulimi, na nusu ya ukoo wa bwana. Alikuwa amelowa jasho. Labda mambo yangepita salama, lakini shangazi mmoja wa Kigiriama, mama mwenye macho makali, alikuwa amemsogelea hatua kwa hatua tangu nilipoondoka. Nilifika wakati anaigonga ile kamera kwa kifundo cha kidole. Ko, ko.

"Mwanangu," akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "hii kamera yenu hupiga picha au huota majani?"

Sijawahi kuona watu wakicheka vile kwenye uwanja wa kanisa. Bibi harusi alilazimika kushikwa. Wanawake walitunga wimbo papo hapo wakaucheza. Baba akapokea kamera ya kweli kutoka mikononi mwangu, na picha alizopiga saa ile, naapa, ndizo picha bora za harusi alizowahi kupiga. Hakuna hata mmoja aliyekaa kama gogo. Wote wanacheka, meno yote nje. Maharusi wenyewe walizipenda sana.

Baba hakuzipenda. Wimbo ulifika Malindi kabla yetu. Sokoni walianza kumwita Bwana Mbao. Watu waliokuja kupiga picha za kitambulisho waliigonga kamera kwanza kwa kifundo, ko, ko, ndipo wakae kwenye kiti. Mtu mwingine angecheka nao mpaka wakachoka. Lakini baba alikuja pwani kama mgeni, jina lake alilijenga mwenyewe kidogo kidogo, na hakuwa na jingine la akiba.

Alimwendea Fundi Jumatatu. Nilikuwepo.

"Sitaki kitu," baba akasema. "Nataka uniambie neno moja tu. Sema ulikosea."

Fundi alikuwa anapaka nta kwenye uzi. Nilimtazama usoni, nikaona anataka. Wallahi alitaka. Lakini mdomo ulipofunguka yakatoka yale yale.

"Kamera ni yako. Shingo ni yako. Macho ni yako. Mtu hafungui chombo chake akakitazama?"

"Uzito ulikuwa sawa!"

"Ndiyo, ulikuwa sawa," akasema Fundi, na kwa bahati mbaya sauti yake ikaingia fahari kidogo. "Ulikuwa sawa kabisa."

Baba alitoka bila kuaga. Akamwomba mtalii mmoja mfuko wa nailoni wa bluu, wenye zipu, akatia kamera yake humo. Alikuwa akipita nao mbele ya uchochoro makusudi. Fundi alikuwa akiuona ule mfuko, anafumba macho.

Kama ungekuwa ugomvi wa watu wawili tu, ungeachwa ujifie. Lakini baba ndiye aliyekuwa mkubwa wa wapiga picha wa mji, kwa umri na kwa kelele. Alipomhama Fundi, wenzake nao walimhama, mmoja mmoja, baadhi kwa mapenzi ya baba, baadhi kwa kuogopa kuitwa Mbao. Nailoni ilikuwa imeshaanza kuingia madukani kwa Wahindi, rahisi, nyepesi. Wataliano peke yao hawakutosha. Niliporudi likizo iliyofuata nilimkuta Fundi ameshika kandambili ya mtu, anaigongea msumari. Hakuniita Profesa siku hiyo. Alisema tu, "Keti," na hatukubishana juu ya kitu chochote. Mkewe alileta kahawa akaondoka bila mzaha. Rafu ilikuwa imejaa zile kamera za mti, hakuna hata moja iliyokuwa kazini.

Nilijaribu kumshawishi baba. Nilimwambia kwamba mtu akipoteza riziki kwa sababu ya wimbo, adhabu imezidi kosa. Baba akasema, "Neno moja tu." Nilijaribu kumshawishi Fundi. Akasema, "Baba yako anataka nipige magoti." Nikamwambia anataka asimame tu na aseme. Akasema ni kitu kile kile.

Miaka kadhaa ikapita hivyo. Nilimaliza chuo. Kisha shemeji yake Fundi aliyekuwa akifanya kazi Jeddah akamlipia safari ya kuhiji. Mji ukafurahi, maana alikuwa amelizungumzia jambo hilo tangu watu wakiwa wadogo. Na hapo ndipo ikaja shida yake.

Kwa desturi ya Waislamu wa pwani, mtu hendi Makka na deni la moyo. Kabla hajafunga mzigo hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa kila aliyeishi naye, kwa yale anayoyajua na asiyoyajua. Fundi alipita. Alimwomba radhi imamu, juu ya mwezi. Alimwomba muuza nyama, kwa kumpotezea wateja na visa. Alimwomba mkewe, naye akamjibu kwamba ataje moja moja, ana nafasi. Mji mzima ukamalizika, akabaki mtu mmoja.

Na mtu huyo alijificha. Sisemi mzaha. Baba yangu, mtu mzima mwenye mvi, alianza kutokea nyumbani kwa njia ya choo. Akimwona Fundi anaingia posta kwa mlango huu, yeye anatoka kwa ule. Aliwahi kumkwepa kwa kuingia duka la sari na kukaa humo akichagua rangi.

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Si ndilo ulilokuwa ukilitaka? Anakuja kukuomba."

Baba akafikiri. "Akiniomba nitamsamehe. Nikishamsamehe, nitakuwa nimebaki na nini?"

Nilikwenda kwa Fundi pia, kwa sababu swali lilikuwa linaniwasha. Nilimkuta akiutazama mlango tu, sindano mkononi.

"Fundi, hii radhi ni ya kweli? Unaomba kwa kuwa safari imekulazimisha. Hiyo ni toba gani?"

"Kwani wewe unakula kwa kuwa umependa, au kwa kuwa tumbo limekulazimisha?"

"Kwa hiyo unakubali ulikosea."

"Sijasema hivyo. Nimesema namwomba radhi."

"Sasa radhi ya nini, kama hukukosea?"

Aliichomeka sindano kwenye donge la nta. "Profesa," akasema mwishowe, "safari hii nimeiomba maisha yangu yote. Nikienda na hili, nimekwenda kutalii."

Siku aliyotujia nyumbani ilikuwa asubuhi, kesho yake alfajiri apande basi la Mombasa. Baba alikuwa kwenye chumba chake cha giza, kile kichumba cha mwisho ambacho alikiziba dirisha kwa blanketi. Alikuwa na kazi ya kuchapisha picha za ubatizo, na alipokuwa mle hakuna aliyeruhusiwa kugusa mlango, maana mwanga ukiingia kazi yote inaungua.

"Hodi!"

Mama akamfungulia, akaona ni nani, akanyoosha mwiko kuelekea mlango wa chumba cha giza. Nilimpa Fundi kiti. Hakukitaka. Aligeuza ndoo ikatazama chini, akaketi juu yake, goti lake likigusa ubao wa mlango.

"Nani huyo?" baba akauliza kutoka ndani.

Ndoo ikakwaruza sakafuni. "Msifungue! Karatasi ziko wazi!"

"Hatufungui," akasema Fundi. "Maneno hayaingizi mwanga."

Maji yaliyokuwa yakicheza kwenye sinia mle ndani yakatulia. Baba hakuwa na njia ya choo mle, wala posta, wala duka la sari.

"Nakwenda Makka, bwana wee."

"Nimesikia."

"Kesho."

"Nimesikia hilo pia."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Mama akaacha kukoroga uji. Kisha sauti ya baba ikaja, pole pole, ya mtu anayejua anachokifanya: "Ya nini?"

Fundi akanitazama. Akamtazama mama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa anywe shubiri mbele ya wageni. Akavua kofia yake, akaiweka magotini, akainama mpaka mdomo wake ukafika kwenye ule ufa mwembamba kati ya mbao mbili, na akasema kitu. Alikisema kwa sauti ndogo sana. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona shingo yake ikisogea, na sikusikia. Nilijongea. Sikusikia.

Mle ndani baba yangu akaanza kucheka. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, tukasikia kitu kikianguka kwenye maji.

"Rudia!" akapaza sauti.

"Sirudii."

"Rudia, sikusikia vizuri!"

"Umesikia vizuri sana. Kicheko chako kimekusaliti."

Baba akacheka tena, akapenga kamasi. "Haya. Nimekusamehe. Na wewe nisamehe kwa yale niliyokusema."

"Uliyasema mengi?"

"Bwana wee, mengi."

"Basi na mimi nimekusamehe. Ukitoka humo uutupe ule mfuko wa bluu, unaniumiza macho."

"Nitautupa ukirudi. Sasa ondoka hapo, umeniharibia picha ya mtoto wa watu, ameshakuwa mweusi kabisa kwenye dawa."

Fundi akavaa kofia, akaunywa uji aliokuwa amejikorogea mama mwenyewe, akaniambia nimsindikize mpaka barabarani. Nilikuwa na maswali mawili, na nilianza na lile lililokuwa likinichoma.

"Ulimwambia nini?"

"Kamwulize baba yako."

Nilimwuliza baba mchana ule, na mara nyingi baadaye. Aliniambia nikamwulize Fundi.

"Basi nijibu hili," nikasema pale barabarani. "Kama angekataa? Kama angekwambia hakusamehi, ungefanyaje? Usingekwenda?"

Fundi alikuwa anakung'uta vumbi la Muyeye kwenye makubadhi yake. Alinitazama kana kwamba, kwa mara ya kwanza, nimeuliza kitu kisicho na ubishi ndani yake.

"Ningekwenda," akasema. "Lakini ningekwenda nimembeba baba yako. Nikizunguka Kaaba, yuko. Nikilala Mina, yuko. Na wewe unamjua alivyo mzito."